Ushahidi wa Udongo

Watu wengi hukubali upesi kwamba ukweli ni bora kuliko heshima. Hukubali hivyo kwa sababu hawajaambiwa bado kwamba kitu wanachokiheshimu wao wenyewe kina mashaka. Siku wakiambiwa, hutafuta njia ya kuchelewesha jibu. Tunawiwa nini na ukweli, na tunawiwa nini na wale waliotutangulia? Swali hili nimelifikiri kwa miaka mingi, na sijaona mahali lilipoulizwa kwa ukali zaidi kuliko katika elimu ya mwandiko wa Kichina, tangu wanaakiolojia walipoanza kuifukua ardhi ya nchi ile.

Pengine msomaji atashangaa mwalimu mkuu mstaafu, asiyezungumza Kichina, anatafuta nini huko. Jibu langu ni fupi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa katika chuo cha ualimu, na somo mojawapo nililolipenda ni lile ambalo wengi hulidharau, yaani mwandiko wa ubaoni. Anayefundisha mwandiko hujiuliza, apende asipende, kwa nini mkono wa mtu mmoja humvuta msomaji na mkono wa mwingine humfukuza. Nikaanza kusoma habari za taifa ambalo limejiuliza swali hilo kwa muda wa miaka 2,000 na zaidi, na tangu hapo sijaweza kuziacha.

Kwa Wachina, mwandiko wa brashi na wino ni sanaa iliyo sawa na uchoraji, na wako wanaoiweka juu yake. Mwanafunzi haanzi kwa kubuni. Huwekewa mbele yake kazi ya bwana mmoja wa kale, akainakili kwa miezi na miaka, mpaka mkono wake uzoee mwendo wa mkono wa bwana huyo. Na kwa kuwa wazee wao waliamini kwamba mwandiko hufichua tabia ya mtu, kumnakili bwana ni kama kwenda kukaa nyumbani kwake ili kujifunza adabu. Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi wa namna hiyo kwamba kazi aliyoinakili miaka 10 haikuandikwa na bwana huyo, hujamsahihisha habari ndogo ya tarehe. Umemwambia kwamba muda wote huo alikuwa akiishi katika nyumba ya mtu mwingine.

Sasa shida ni kwamba kazi nyingi za mabwana hao zilikwisha kupotea. Karatasi hufa kwa moto, kwa vita, kwa unyevu na kwa wadudu. Mwaka 992 mfalme mmoja wa enzi ya Song aliamuru barua na maandiko ya mabwana wa kale yakusanywe na kuchongwa, ili karatasi zichapwe kutokana na michongo hiyo, na zaidi ya nusu ya mkusanyo huo ilikuwa kazi ya Wang Xizhi na mwanawe Wang Xianzhi. Michongo ilipopotea, ikachongwa mingine kutokana na zile karatasi. Hivyo kizazi baada ya kizazi wanafunzi walijifunza kutoka kwenye kivuli cha kivuli. Hawakuwa na la kufanya, wala siwalaumu.

Kisha udongo ukaanza kusema. Mwaka 1899 msomi na ofisa mmoja wa Beijing, Wang Yirong, alitambua kwamba alama zilizokwaruzwa kwenye mifupa ya kale, mifupa ambayo wakati ule iliuzwa kama dawa, zilikuwa maandishi. Mifupa hiyo ilitoka karibu na mji wa Anyang, palipokuwa mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kuanzia mwaka 1928 mahali pale pakafukuliwa kwa utaratibu. Maandishi mengi yalichongwa, lakini vipande vingine vilionyesha alama zilizoandikwa kwa brashi. Kumbe brashi ilikuwapo tangu siku zile.

Naomba nikae kidogo kwenye herufi moja tu, maana ndani yake limo swali langu lote. Mwaka 100 msomi mkubwa aitwaye Xu Shen alikamilisha kamusi iliyoeleza asili ya herufi zaidi ya 9,000, moja baada ya moja. Kamusi hiyo ikawa kama msahafu wa elimu ya maandishi. Alipofika kwenye herufi yenye maana ya "kufanya", ambayo husomwa wei, alitazama umbo lake kama alivyolijua yeye, akasema kwamba asili yake ni picha ya kima jike. Watu walilipokea neno hilo kwa muda wa miaka 1,800 hivi. Mifupa ya Anyang ilipokuja kusomwa, herufi ileile ilionekana humo katika umbo lake la kale, na hapakuwa na kima. Palikuwa na mkono wa mtu na ndovu, mkono ukimwongoza ndovu kwa mkonga wake. Kufanya ni kumtia ndovu kazini.

Twasema penye wazee haliharibiki neno. Hapa neno liliharibika mikononi mwa mzee mwenyewe, tena mzee mwaminifu, aliyefanya kazi kubwa kuliko wote waliomkosoa. Hakuwa na mifupa. Alikuwa na maumbo yaliyokwisha kubadilika kwa karne nyingi, akayaeleza kwa kadiri alivyoyaona. Mtu anayemcheka Xu Shen kwa ajili ya kima yule sina haja ya kukaa naye, na anayekataa kumwona ndovu kwa sababu ya kumheshimu Xu Shen pia sina haja naye. Hadi leo wanaosoma mifupa huianza kazi yao wakiwa na kamusi yake mkononi, maana bila yeye wasingeisoma hata robo.

Jambo la pili lililofukuliwa lilinigusa zaidi kama mwalimu. Ilisimuliwa tangu kale kwamba mwandiko uitwao lishu, yaani mwandiko wa makarani, ulibuniwa na mtu mmoja, Cheng Miao, ofisa aliyefungwa gerezani na Mfalme wa Kwanza wa Qin. Akiwa kifungoni miaka 10, alifikiri namna ya kurahisisha herufi za mviringo zilizochosha mkono, na mfalme alipoona kazi yake akamfungua. Hadithi nzuri. Ningeweza kuwasimulia watoto wa darasa la nne nao wasingesahau. Lakini katika kaburi moja lililofukuliwa Qingchuan, mkoani Sichuan, mwaka 1979 na 1980, kilipatikana kibao chenye tarehe ya mwaka 309 K.K., karibu miaka 90 kabla ya Qin kuwatawala Wachina wote, na mwandiko wake tayari umeanza kunyooka na kurahisika. Mwaka 1975, pale Shuihudi mkoani Hubei, lilifunguliwa kaburi la karani mmoja wa Qin aliyeitwa Xi. Kuuzunguka mwili wake kulikuwa na vibanzi vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye sheria, mifano ya mashauri na kumbukumbu za kazi, vimeandikwa kwa mwandiko uleule wa makarani ulio katikati ya safari yake.

Maana yake ni kwamba hakuna aliyeubuni. Ulizaliwa mikononi mwa watu wengi waliokuwa na kazi nyingi na muda mchache: karani wa ghala la nafaka, karani wa mahakama, mtu anayehesabu ng'ombe wa serikali huku jua linakuchwa. Kila mmoja alifupisha pindo moja, akanyoosha kona moja, akaungana na mwenzake bila kujua. Historia ikatafuta mtu mmoja wa kumpa sifa, kwa sababu ni vigumu kuwashukuru watu 10,000 wasio na majina. Sisi nasi hatupungui kwa hilo. Shule ikifaulisha, husifiwa mkuu wa shule.

Lakini mahali ambapo heshima na ushahidi viligongana kwa kishindo ni katika habari ya Wang Xizhi. Huyu aliishi karne ya nne, na Wachina humwita mtakatifu wa mwandiko. Mwaka 353, siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao, aliwaalika marafiki na jamaa zaidi ya 40 mahali paitwapo Lanting, karibu na mji wa Shaoxing wa leo. Walikaa kando ya kijito, vikombe vya mvinyo vikaelea majini, na ambaye kikombe kilisimama mbele yake alitakiwa atunge shairi au anywe. Wang akaandika dibaji ya mashairi yale, herufi 324 katika mistari 28. Ni maneno yanayoanza kwa furaha ya siku na kugeukia mauti. Herufi moja, zhi, imo mara 20 hivi, na inasemwa kila mara aliiandika kwa namna nyingine. Inasimuliwa pia kwamba baadaye, akili ikiwa imetulia, alijaribu kuiandika upya asiweze kuufikia uzuri wa ile ya kwanza.

Baada ya karibu miaka 300, mfalme Taizong wa enzi ya Tang aliitamani karatasi ile kupita kiasi. Masimulizi ya enzi hiyo yanasema kwamba ilikuwa mikononi mwa mtawa mzee wa Kibuddha, naye mfalme akamtuma ofisa aliyejifanya msafiri tu, akafanya urafiki na mzee yule, kisha akaichukua kwa hila. Mfalme akawaamuru wanakili wa ikulu wainakili, na alipokufa mwaka 649 akazikwa nayo. Hivyo karatasi yenyewe haijaonekana tena. Kilichobaki ni nakala, na ile inayosifiwa zaidi, iliyohifadhiwa Beijing katika jumba la makumbusho lililokuwa ikulu ya wafalme, inahesabiwa kuwa ya mnakili Feng Chengsu. Kwa hakika wataalamu wanakubaliana kwamba hakuna hata karatasi moja iliyobaki duniani yenye wino wa mkono wa Wang Xizhi mwenyewe. Mtakatifu huyu anajulikana kwa mikono ya wengine.

Sasa tuje mwaka 1965. Miezi michache nyuma yalikuwa yamepatikana makaburi karibu na Nanjing, na moja lilikuwa la Wang Xingzhi, binamu wa Wang Xizhi, pamoja na mkewe. Jiwe lao lina tarehe za mwaka 341 na 348, miaka michache kabla ya karamu ya Lanting. Mwandiko wake ni mzito, wa pembe kali, karibu na ule mwandiko wa makarani, nao haufanani hata kidogo na dibaji inayotiririka kama maji. Guo Moruo, rais wa Chuo cha Sayansi cha China, msomi wa ile mifupa ya Anyang na mwandishi hodari wa brashi, akachapisha hoja yake: ikiwa watu wa ukoo uleule, mahali palepale na miaka ileile waliandika hivi, basi dibaji haikuweza kuandikwa na Wang Xizhi. Aliihesabu kuwa kazi ya Zhiyong, mtawa wa ukoo huohuo aliyeishi vizazi vingi baadaye.

Msomaji afikiri uzito wa neno hilo. Karne 13 za wanafunzi walikuwa wamekaa katika nyumba ile. Na aliyesema hakuwa mtu wa kubishiwa ovyo. Mtu mmoja wa Nanjing, Gao Ershi, asiye na cheo cha kulinganishwa na cha Guo, aliandika kumpinga, na makala yake haikupata nafasi gazetini mpaka msomi mzee Zhang Shizhao alipomwandikia Mao Zedong, na Mao akamjulisha Guo kwamba ni heri mjadala uwepo kuliko usiwepo. Makala ikatoka mwezi wa Julai. Hata hivyo wengi walioandika wakati ule walimwunga mkono Guo, na ninaposoma habari hiyo hujiuliza ni wangapi waliouunga mkono ushahidi na ni wangapi waliokiunga mkono cheo.

Mimi nilipoisoma hoja ya Guo kwa mara ya kwanza niliipenda kwa ujasiri wake, kisha nikakumbuka wanachuo wangu. Mwanachuo mmoja huwa na miandiko mitatu. Ubaoni, kwa chaki, huandika herufi kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Katika andalio la somo, ambalo mkaguzi atalisoma, huandika kwa wino na kwa woga. Katika barua kwa mama yake mkono hulegea na kukimbia, na herufi hushikana mikono. Ukiichukua ile ya ubaoni peke yake, utaapa kwamba barua si yake. Na jiwe la kaburi ni zaidi ya ubao. Halikuandikwa na Wang Xizhi. Halikuandikwa pengine hata na ndugu wa marehemu. Na baada ya kuandikwa likapita chini ya tindo ya mchongaji, ambaye chuma chake hakijui kupinda kama unywele wa brashi. Tena ni jambo la msiba, na msibani watu huvaa nguo za kale. Kumpima mtu aliyeandika kwa furaha kando ya kijito kwa jiwe la mazishi ya binamu yake ni kipimo kikali mno.

Lakini hoja ya mwalimu haitoshi. Udongo ulikuwa umesema, na ulipaswa kujibiwa na udongo. Tangu mwaka 1909, jangwani Loulan, upande wa magharibi wa mbali, msafara wa Wajapani ulikuwa umeokota rasimu za barua za ofisa aitwaye Li Bo, za miaka ya 320, kwenye karatasi, kwa brashi, na mwandiko wake unatembea kwa wepesi. Mwaka 1996, katika kisima kimoja cha kale mjini Changsha, vilipatikana vibanzi takriban 100,000 vya serikali ya Wu, karne moja na zaidi kabla ya Lanting, na ndani yake mikono ya makarani imekwisha kuanza kuuacha ule uzito wa zamani. Mwaka 1998, palepale Nanjing, likafukuliwa kaburi la ofisa Gao Song na mkewe. Hata mawe yao, ya miaka ya 350 na 360, yana mwandiko ulio karibu na ule sanifu unaofundishwa hadi leo. Basi ilikuwako miandiko mingi kwa wakati mmoja, kama inavyokuwako sasa. Mjadala wa Lanting haujafungwa, na wenye shaka bado wapo, lakini ile hoja kwamba wakati ule hakuna aliyeweza kuandika hivyo imeanguka.

Hapa ningependa kuwatetea wote wawili. Bila Guo kuuliza, macho ya watu yasingekaa kwenye vibanzi vya makarani namna ile. Wangevisoma kwa ajili ya kodi na sheria tu. Bila Gao kukataa, jiwe moja lingekuwa hakimu wa zama nzima. Ninachokitilia shaka ni haraka. Kitu kimoja kikitoka ardhini hupata sauti kubwa kupita haki yake, kwa sababu ni kipya na kina udongo juu yake, na sisi tumechoshwa na vitabu. Ardhi nayo ni shahidi. Husema lililozikwa mahali pale tu, na linalobaki hubaki kwa bahati: jiwe hudumu, barua huoza.

Wako wanaosema, basi lifunguliwe kaburi la Taizong tupate kuona. Historia inataja kwamba lilikwisha kuvunjwa na mtawala mmoja wa kijeshi katika karne ya kumi, na kama dibaji ilikuwamo hakuna aliyeionyesha. Lakini hata kama imo, mimi siungi mkono. Guo Moruo huyuhuyu alikuwa miongoni mwa walioomba kaburi la mfalme Wanli wa enzi ya Ming lifukuliwe. Likafukuliwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1958. Hariri zilizotoka zikaharibika kwa kukosa matunzo, na mwaka 1966 vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni wakayatoa mabaki ya mfalme na wake zake wakayachoma moto. Tangu kazi ile China ilishika msimamo wa kutofukua makaburi ya wafalme kwa kusudi la kutazama tu. Karatasi ambayo mfalme aliipata kwa hila, sisi tuichukue kwa sururu? Udadisi una haki, ila hauna haki zote.

Na sururu za wezi zipo vilevile. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Tsinghua kilipokea vibanzi takriban 2,500 vya karne ya nne K.K., vilivyonunuliwa sokoni Hong Kong. Vina maandishi yasiyopatikana kwingine na wino mzuri ajabu, lakini hakuna ajuaye vilitoka kaburi gani, vililala karibu na nani, wala nini kilitupwa ili vipatikane. Wasomi wanavisoma, nami ningevisoma. Ila kila anayevisoma anapaswa kujua kwamba nusu ya ushahidi iliuawa kabla hajafika.

Mwaka 2020 lilifukuliwa kwa utaratibu, mjini Xianyang, kaburi la mwanamke aitwaye Luo Wanshun, na jiwe lake liliandikwa na Yan Zhenqing alipokuwa hajafikia miaka 40. Huyu ni bwana mwingine mkubwa, ambaye mawe yake yaliyosimama juu ya ardhi yamesuguliwa na karne za kuchapwa mpaka kingo za herufi zimelegea. Hili lililala gizani bila kuguswa. Kwa mara moja hii jina na udongo vimepatana, na nilifurahi kama mtu aliyepata barua.

Hata hivyo, nikiulizwa ni kitu gani kati ya vyote ningependa kukishika mkononi, nisingechagua jiwe la Yan wala karatasi ya Lanting. Mwaka 1907 Aurel Stein alichimba kwenye magofu ya minara ya walinzi wa mpaka, magharibi ya Dunhuang, jangwani, ambako askari wa enzi ya Han walikaa miaka 2,000 iliyopita wakingoja adui ambaye siku nyingi hakuja. Katika takataka zao alikuta tabaka nyembamba za mti zilizobanduliwa, nyingi sana. Kibao kikijaa maandishi, karani alikikwangua kwa kisu apate uso mpya, akaandika tena, akakwangua tena. Juu ya baadhi ya tabaka hizo hakuna habari ya vita wala hesabu ya nafaka. Kuna herufi zilezile zimerudiwa na kurudiwa, kwa sababu aliyeziandika alikuwa anajifunza.